Rangi ya Maziwa na Ng'ombe wa Mama Aloisi

Nyinyi vijana mnaofungua kopo la rangi kwa bisibisi na kuanza kazi hapo hapo, kaeni kidogo niwaambie. Maseremala wa Moshi wamepatwa na mengi. Yuko aliyeungia meza chumbani, ikabidi dirisha livunjwe ndipo itoke. Yuko aliyetengeneza kitanda cha bwana harusi, kikalala chini kabla ya bwana harusi mwenyewe. Lakini fundi ambaye kabati lake lililambwa mpaka likabaki mbao tupu ni mimi peke yangu. Nimeuliza sana, nikitumaini kupata mwenzangu wa kulia naye. Sijampata.

Nilikuwa Majengo, kwenye karakana ya Mzee Ramadhani. Hiyo karakana naiita hivyo kwa heshima tu. Palikuwa na paa la bati, benchi mbili za kazi na kuku wa jirani. Mzee alikuwa mtu wa Kondoa, mfupi, mkali, mikono yake imekauka kwa vumbi la mbao. Alinifundisha kupiga randa, kunoa patasi na kunyamaza. Hilo la tatu nilifeli, kama mnavyosikia.

Ulikuwa wakati wa kufunga mikanda. Dukani kulikuwa na rafu na muuza duka, basi. Sukari ilikuwa na foleni, sabuni ilikuwa na foleni, rangi ya mafuta hata foleni haikuwa nayo. Vanishi ikawa kitu cha kusimulia. Msasa wa karatasi nao ukaisha, tukarudi kwenye msasa wenyewe, yale majani ya mti yanayokwaruza, unasugua mbao mpaka yanasagika mkononi. Msicheke, yanafanya kazi safi.

Siku moja mteja alikataa meza yetu. Akasema mbao tupu ni za jeneza. Mzee Ramadhani akaniuliza, "Firmini, nyie Wachaga si mna maziwa?"

"Tunayo, mzee. Unataka kunywa?"

"Nataka kupaka."

Nikajua mzee wangu jua limemwingia kichwani. Kumbe ujanani aliwahi kusaidia kazi kwa bruda mmoja wa misheni, aliyekuwa akipaka madirisha kwa rangi ya maziwa. Mzee aliikumbuka ile kazi, ila kwa vipande vipande.

Haya, sikilizeni, maana siku moja makopo yanaweza kuisha tena. Unachukua mtindi uliokwisha tolewa siagi. Mafuta yakibaki, rangi haishiki. Unaupasha moto kidogo, kidogo nimesema, halafu unauchuja kwa kitambaa cha melikani mpaka maji yatoke yote, yabaki mabonge meupe. Hayo mabonge ndiyo mali. Unayachanganya na chokaa iliyolainishwa kwa maji, unakoroga, unaacha. Ukirudi unakuta yameyeyuka, yamekuwa uji unaonata. Chuja tena. Hapo tia rangi yako: udongo mwekundu uliopepetwa, masizi ya chungu, au buluu ya kufulia nguo. Paka nyembamba kwenye mbao tupu, iache ikauke, sugua, rudia. Na uitumie siku hiyo hiyo. Kesho yake inanuka mpaka majirani wanakuja kuuliza nani amefariki.

Inakauka haraka, inang'ang'ania mbao, ina wekundu au ubuluu uliotulia, hauchomi macho. Mimi niliipenda tangu siku ya kwanza. Ila ina udhaifu wake. Peke yake haipendi maji. Tone la chai linaacha alama. Juu yake lazima upake mafuta yanayokauka, ndiyo koti lake la mvua. Na hapo ndipo kumbukumbu ya Mzee Ramadhani ilipokatika. Alikumbuka kwamba bruda alipaka mafuta. Mafuta gani? Hakukumbuka.

Nikasema mafuta ni mafuta. Nikatafuta ya nyonyo, nikapaka viti vya balozi wetu wa nyumba kumi. Ee jamani! Mafuta ya nyonyo hayakauki. Leo hayakauki, kesho hayakauki, mwakani utayakuta yanakusubiri. Balozi alikaa, akahutubia wageni, akainuka kumpokea katibu wa tawi, na kiti nacho kikainuka. Suruali yake ya tetroni ilibandukana na kile kiti kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia. Kwa muda mrefu watoto wa Majengo walikuwa wakiniona wanashika makalio na kukimbia.

Basi mimi mafuta nikayachukia. Shikeni hilo, maana balaa lote lilianzia hapo.

Sasa mtindi nilikuwa nanunua soko la Kiboriloni, kwa binti mmoja wa Kirua Vunjo aliyeitwa Paskalina. Alikuja na vibuyu vyake vimefungwa vizuri kwa majani ya mgomba, anapima bila kukupunja, na ukileta maneno mengi anakutazama tu mpaka unayameza. Nilinunua mtindi hata siku ambazo hatukuwa na kazi. Mzee Ramadhani akawa ananiuliza, "Leo tunapaka nini, Firmini, ukuta wa msikiti?"

Paskalina hakujua nafanyia nini maziwa yote yale. Siku aliponiuliza, niliona aibu kusema napaka viti. Nikasema nakunywa.

"Yote?"

"Yote."

Akanitazama kwa huruma. Baadaye niligundua alidhani nina vidonda vya tumbo. Akawa ananiongezea kidogo bure, na mimi bwege nikadhani ni mapenzi. Yalikuja kuwa mapenzi, lakini yalianzia tumboni.

Tulipokubaliana kuoana, baba yangu mdogo akapanda Kirua kwenda kuzungumza. Baba wa Paskalina alikwisha fariki, mwenye neno pale alikuwa mama yake, Mama Aloisi. Baba mdogo alirudi amenywea.

"Ameuliza kihamba chako kiko wapi," akaniambia.

Hilo ndilo lilikuwa donda langu. Kihamba, shamba la migomba na kahawa la ukoo, kwetu walipewa kaka yangu mkubwa na mdogo wangu wa mwisho, kama desturi ilivyo. Mimi wa katikati nilipewa baraka. Nilikuwa na chumba cha kupanga Majengo, randa na misumeno. Kwa mama wa Kirua, mwanaume asiye na mgomba hata mmoja anamlisha binti wa watu nini? Vumbi la mbao?

"Akasema hakukatai," baba mdogo akaendelea. "Kasema, kama kazi ya mikono yake ndiyo kihamba chake, basi ailete niione."

Nilikosa usingizi kwa furaha na hofu. Paskalina ndiye niliyemtaka, na sikutaka mwingine, nawaambieni wazi. Kazi moja ingeamua. Nikasema nitamtengenezea mama kabati la vyombo ambalo Vunjo nzima haijapata kuliona.

Nikachagua mbao za paini zisizo na vifundo. Milango miwili, rafu tatu, bawaba nilizozing'oa kwenye sanduku langu mwenyewe. Lakini ilipofika rangi, chokaa yetu ilikuwa imekaa wazi ikafa, haiyeyushi kitu. Mabonge ya mtindi yalikaa kwenye ndoo yananitazama. Na Jumapili baada ya misa ya kwanza ndiyo siku niliyoahidi. Hapo nikapata akili, na mimi nikipata akili ndipo mnapaswa kukimbia. Nikakumbuka magadi. Mama zetu wanalainishia maharage, kwa nini yasilainishe mtindi? Nikayaloweka magadi, nikamimina. Loo! Mabonge yaliyeyuka hapo hapo. Nikaongeza, na nikaongeza tena kwa furaha. Nikatia buluu. Rangi ikatoka laini, tamu kuitazama.

Mzee Ramadhani akalizunguka kabati, akapitisha kidole. "Zuri," akasema, na huyu mtu neno hilo hakuligawa ovyo. "Mafuta je?"

"Hili halihitaji, mzee."

"Firmini. Bila mafuta usilipeleke."

"Mzee, mama mkwe akinata kwenye kabati nitaoa wapi?"

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye msumeno wake. Mimi nikalipandisha kabati kwenye lori la mtu aliyekuwa anapeleka mabati huko juu, nikakaa nalo nyuma nimelikumbatia.

Mama Aloisi alikuwa mwanamke mrefu, amejifunga khanga mbili, hana haraka na kitu. "Shikamoo mama." "Marahaba." Akalitazama kabati mbele na pembeni. Majirani waliotoka misa wakaingia mmoja mmoja, wakashika midomo. Mama akasema, "Aika," yaani asante, na nilisikia moyo unaruka. Halafu akainama, akanusa.

"Mbona linanuka maziwa?"

Nikajieleza. Nikaeleza kwa fahari, na mikono hewani, mtindi, kitambaa, mabonge. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyokunja uso. Paskalina alikuwa amesimama mlangoni, akaniuliza polepole, "Kwa hiyo tumbo lako haliumwi?"

"Haliumwi."

"Maziwa," akasema Mama Aloisi. "Sisi tunakata majani toka bondeni tunapandisha kichwani, ng'ombe anakula, tunakamua, binti anashuka mpaka Kiboriloni. Wewe unapaka mbao."

Hata hivyo kabati hakulikataa. Akaagiza liwekwe kwenye nyumba ya jikoni, ambako vilikaa vyombo vyake na vibuyu. Na kwenye nyumba ya jikoni, kama ilivyo kwa wengi huko juu, nyuma ya kizuizi cha miti alikaa ng'ombe wake. Jina lake Sabuni, kwa weupe wake, na kwa kuwa siku hizo ukitamka sabuni kila mtu aligeuka. Kabati likaegemezwa ukutani, ubavu wake ukiwa karibu na kizuizi. Mimi nililiona kuwa limekaa mahali pazuri. Mtoto wa Kichaga kabisa, niliyekua namshikia bibi kipande cha magadi ng'ombe alambe!

Siku ya pili Paskalina akatokea Majengo. Hakuwa amewahi kufika kwenye karakana.

"Mama anakuita."

"Amefurahi?"

"Wewe njoo."

Nikavaa shati jeupe. Nikapaka nywele mafuta. Njiani, ndani ya basi, nilikuwa namuuliza tungepata watoto wangapi, yeye anaangalia dirishani mabega yakitikisika. Nilidhani analia kwa furaha. Alikuwa anacheka.

Tulipofika, watu wamejaa uani. Nikaingia jikoni. Ubavu wa kabati ulikuwa mweupe wa mbao. Mlango mmoja, mweupe. Mlango wa pili umebaki na kipande cha buluu huko juu tu, pasipofikika. Kizuizi kilikuwa kimesukumwa chote. Na Sabuni, ng'ombe mweupe pe, mdomo wa buluu, pua ya buluu, ulimi ukitoka ni wa buluu, ananitazama kwa upendo ambao sijapata kuuona kwa mwanadamu yeyote.

Watu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mama Aloisi hakucheka.

"Ana mimba huyu," akaniambia. "Akifa, nimekwisha. Umemlisha nini?"

Hapo mzaha wote ukaniisha. Buluu ya kufulia, mimi najua inafanya nini ndani ya ng'ombe? Niliishia kukaa chini mbele ya Sabuni na shati langu jeupe, namsikiliza tumbo, namshika masikio kama yana moto, nasali rozari niliyoisahau tangu kipaimara. Sabuni akala majani, akanywa maji, akacheua, akaniegemea. Jioni akakamuliwa, maziwa yakatoka mengi kuliko jana. Magadi, wajukuu zangu. Nilikuwa nimemfanyia sikukuu.

Mama alipoona ng'ombe mzima, ndipo akanikabili. "Kazi ya mikono yako imeliwa kwa usiku mmoja. Binti yangu naye nikupe aliwe?"

"Nipe nafasi nilirudie, mama."

"Utalirudia hapa hapa, naona kwa macho yangu. Na mpaka likauke, huyu ng'ombe ni wako kumlisha. Mimi na Paskalina tutapumzika."

Nikapewa pa kulala kwa jirani. Mzee Ramadhani nikampelekea salamu, akaja mwenyewe na chokaa mbichi na debe la mafuta ya alizeti aliyokuwa ameyaanika juani kwenye sinia pana mpaka yakawa mazito. Alipomwona Sabuni alisema "Subhanallah," akageukia ukutani, mgongo ukimtikisika.

"Mzee, umekumbuka ni mafuta gani?"

"Sikukumbuka. Nilijaribu kwenye vipande vya mbao, moja baada ya jingine. Wewe ulikuwa Kiboriloni."

Akanifundisha, na mimi nawafundisha nyinyi. Mafuta yapakwe kwa kitambaa, kiasi cha kulowesha tu. Subiri kidogo, halafu futa yote, futa kama unajutia kuyapaka. Kinachobaki ndani ya mbao ndicho kinachofanya kazi. Kinachobaki juu kitakunata. Acha penye hewa na jua siku kadhaa mpaka kidole kisikwame, ndipo upake tena. Alizeti haina haraka. Na matambara yenye mafuta msiyakunje mkayatupa pembeni, yanajiwasha yenyewe. Yatandazeni nje yakauke. Mimi nilijifunza hilo kwa kuunguza kapu la Mama Aloisi, lakini hayo tuyaache, nilikuwa na matatizo ya kutosha.

Basi nikasugua upande wa mbele na mbavu kwa majani ya msasa, nikapaka rangi mpya ya chokaa, nikaanza mafuta. Na kila asubuhi nilishuka bondeni na mundu. Kukata majani ya ng'ombe na kuyabeba kichwani, huko kwetu, ni kazi ya wanawake. Mwanaume hajitwishi mzigo wa majani akapita barabarani. Mimi nilijitwisha. Mzigo wangu wa kwanza ulifumuka njiani. Wa pili niliufunga na upupu ndani, nikafika najikuna mpaka mbwa wakanikimbia. Akina mama wakawa wanapanga safari zao ili wakutane nami. "Mama wa Majengo, hujambo?" "Watoto wamelala, mama?" Niliwajibu wote, shingo imekakamaa siwezi kugeuka. Jioni shingo ikiniuma nilikuwa namfikiria Paskalina, ambaye alibeba mizigo ile tangu utotoni, halafu akashuka sokoni, akaniongezea mtindi bure kwa ajili ya tumbo langu lisiloumwa. Niliona aibu ya kweli, si ile ya kuchekwa.

Ikafika siku kabati limekauka. Linang'aa kidogo tu, buluu imekolea, ukimwaga maji yanateleza. Nikamwita mama. Majirani hawakuhitaji kuitwa. Mama akaagiza vijana walitoe uani, kisha akaingia mwenyewe, akamfungua Sabuni, akamleta kwa kamba.

"Tuone," akasema.

Sabuni akanusa mlango. Akatoa ulimi, akalamba mara moja, akakunja pua. Nikapumua. Akanusa ubavu, akaacha. Watu wakaanza kupiga makofi, Mzee Ramadhani akanipiga mgongoni. Lakini Sabuni hakuondoka. Akalizunguka kabati taratibu mpaka nyuma, tukasikia ulimi, krr, krr, krr.

Nyuma sikupagusa. Kabati linaegemea ukuta, nani ataona? Niliacha ile rangi ya kwanza ya magadi vile vile, bila tone la mafuta. Makofi yakakatika. Nikatazama mdomo wa Sabuni unageuka buluu tena, nikajua Paskalina amenitoka. Sikumtazama Mzee Ramadhani. Sikuweza.

Nikachukua kamba mkononi mwa mama, nikamrudisha Sabuni ndani, nikamwekea majani. Nikarudi na majani ya msasa, nikapiga magoti nyuma ya kabati, nikaanza kusugua. Machozi yalikuwa yanadondokea mbao na mimi nasugua juu yake, mwanaume mzima, na manyasi kwenye nywele. Sikuwa natafuta kusamehewa. Nilikuwa siwezi kuiacha kazi ile nyuma yake iko vile.

Majirani walichoka, wakaondoka mmoja mmoja. Nilisugua mpaka mbao zikawa safi, nikakoroga rangi upya, nikapaka. Jua lilikuwa linaelekea kuzama nilipoona miguu ya Mama Aloisi imesimama karibu na ndoo yangu. Sijui alikuwa pale tangu lini.

"Majani unakata vibaya," akasema.

"Najua, mama."

"Mzigo unaufunga vibaya zaidi."

"Najua."

Halafu akageuka kuelekea jikoni, akapaza sauti. "Paskalina! Mletee mumeo maziwa." Akanitazama tena, akanionyesha kidole. "Ya kunywa, baba. Umenisikia? Ya kunywa."